Mtoto Asiyetulia Katika Mji Usiotulia

Katika mji wa Butembo, uliojengwa juu ya vilima vya baridi na ambao watu wake wanasifika Kongo nzima kwa bidii ya biashara, mtoto hupimwa mapema kwa mizani ya kazi: akitumwa dukani arudi na chenji kamili, akiachiwa mbuzi wasile mahindi ya jirani, akikalishwa mbele ya meza ya bidhaa ajue kuhesabu faranga na kuitaja bei bila ya kuyumba. Ndiyo sababu mtoto anayetumwa chumvi akarudi na kamba ya kuchezea, anayekwenda kuteka maji akaliacha dumu njiani kwa kumfuata mpita njia mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na asiyeweza kukaa kitako kanisani hata kwa muda wa wimbo mmoja, huhesabiwa kuwa aibu ya wazazi wake kabla hajadhaniwa kuwa ni mgonjwa. Yeye huitwa mtundu, mtukutu, mwenye kichwa kigumu. Na mama yake naye hupata sehemu yake ya lawama, kwamba hakujua kulea.

Maradhi yenyewe yapo, na matabibu wa Kongo, kwa kuwa wamesoma kwa Kifaransa, huyaita TDAH, ilhali wenzetu wa Kenya na Tanzania huyasikia zaidi kwa herufi za ADHD. Ni upungufu wa makini unaoandamana, kwa watoto wengi ingawa si wote, na harakati zisizokoma na haraka ya kutenda kabla ya kufikiri. Wako wanaodai kwamba ni uzushi wa wauza dawa wa siku hizi. Hao hawana habari kwamba mwaka 1902 tabibu wa watoto, George Still, aliwahutubia wenzake mjini London juu ya watoto ambao akili yao ya kuelewa haikuwa na kasoro, ila hawakuweza kujizuia. Hesabu zilizokusanywa kutoka mabara mbalimbali huonyesha kiasi cha watoto 5 katika kila 100. Na katika kliniki za neva na za akili za hospitali ya Mulago, Kampala, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwakuta kiasi cha 11 katika kila 100, jambo lisilo la ajabu, maana waliofikishwa huko walikuwa wamekwisha kushukiwa ugonjwa. Dalili zake huanza kabla ya umri wa miaka 12, huonekana nyumbani na shuleni pia, na hurithiwa kwa nguvu iliyo karibu na ile ambayo urefu wa kimo hurithiwa, hata si nadra baba aliyeletwa kwa tabibu kueleza habari za mwanawe akagundua kwamba anaeleza habari zake mwenyewe.

Shule haijawa na nafasi ya kumsaidia mtoto wa namna hiyo. Tangu serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma mwaka 2019, jambo la heri ambalo maelfu ya wazazi walilingojea, madawati yalijaa kupita kiasi, na mwalimu mmoja akawa na umati mbele yake. Mtazame sasa mvulana wa miaka tisa katika safu ya nyuma ya darasa hilo: mwalimu anaandika hesabu ubaoni, mvulana ananakili tarakimu mbili, anasikia pikipiki nje, anasimama aione, anaketi, anamwuliza jirani kalamu ilhali yake iko nyuma ya sikio, anajibu swali ambalo mwalimu hajalimaliza, na anapatia, kisha anaulizwa la pili na hajui kwamba ameulizwa. Mwalimu anamwona mtoto aliyepatia la kwanza akakosa la pili, naye hukata shauri, kwa mantiki isiyo mbaya ila ya makosa, kwamba huyu anaweza ila hataki. Fimbo nyingi zimetokana na hukumu hiyo. Na binti mwenye maradhi hayohayo, kwa kuwa mara nyingi yeye haruki wala hapigi kelele bali huketi kimya huku fikira zake ziko mbali, hapigwi. Huachwa tu, akarudia darasa mpaka akaolewa.

Hadi hapo jambo ni zito lakini halijafungika. Hufungika pale mzazi anapoona kwamba mtoto huyohuyo, ambaye siku zote hakutulia, amepatwa na kitu kingine juu ya kile cha kwanza: kwa muda wa wiki nzima halali ila saa tatu, naye huamka bila ya uchovu wowote, anasema maneno mengi kwa kasi hata hayafuatiki, anachukua sabuni na biskuti katika meza ya mama yake akazigawa bure kwa wapita njia, akiwaambia kwamba yeye ni tajiri na kwamba gavana amemwita, akizuiwa hupandwa na ghadhabu isiyolingana na zuio lenyewe. Kisha baada ya siku kadhaa au miezi, mtoto huyo anaanguka upande wa pili: analala mchana, chakula hakitaki, hata mpira hautaki, anasema kwamba heri asingezaliwa. Hapo ndipo tabibu mwenye ujuzi huanza kufikiri juu ya maradhi ya bipola, ambayo humtoa mtu katika kimo cha furaha au hasira kisicho na kipimo na kumtumbukiza katika huzuni isiyo na sababu.

Tafauti ya maradhi haya mawili haimo katika kelele, wala katika hasira, wala katika kutotii, kwa kuwa hayo yamo katika yote mawili. Imo katika wakati. Mtoto mwenye TDAH yuko vile Jumatatu na Ijumaa, mwaka jana na mwaka huu, hata mama yake hawezi kusema yalianza lini. Bipola huja kwa vipindi, na kila kipindi humtoa mtoto katika desturi yake mwenyewe, nayo desturi hiyo, kwa huyu tunayemzungumza, ilikuwa ni kutotulia, basi swali si “je, hatulii?” bali ni “je, huku kutotulia ni kule kwa siku zote, au ni kugeni?” Usingizi nao ni shahidi mwema: mwenye TDAH hukawia kulala kisha asubuhi huamshwa kwa shida, ilhali aliyepandwa na kipindi cha bipola haoni haja ya usingizi. Fauka ya hayo, bipola huanza aghalabu mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, na kwa mtoto mdogo ni nadra; lakini ikiwa mzazi wake mmoja anayo, hatari huongezeka mara kadhaa, na kwa hiyo tabibu atauliza habari za mjomba aliyefungwa kamba zamani na za shangazi ambaye ukoo ulikubaliana kwamba alirogwa. Bibi mzaa mama huwa na majibu ya maswali hayo kuliko faili lolote, nami ningemshauri kila mzazi amwendee kwa faragha kabla ya kwenda hospitali.

Baada ya maswali hayo yote tabibu aweza kusema tu “huenda ni bipola”, na neno hilo “huenda”, ambalo wazazi hulichukia, linahitaji kuvumiliwa, kwa maana ulimwengu umekwisha kuona madhara ya kulikimbia. Huko Marekani, baina ya miaka ya 1994 na 2003, ziara za vijana kwa matabibu ambazo ziliandikwa kuwa ni za bipola ziliongezeka kiasi cha mara arobaini. Na kwa kuwa watoto hawawezi kubadilika hivyo katika muda wa miaka tisa, ni dhahiri kwamba kilichobadilika ni kalamu za matabibu. Watoto wengi wenye hasira za kudumu walipewa dawa nzito zilizowanenepesha na kuwalegeza. Mwaka 2013 chama cha matabibu wa akili wa nchi hiyo kikaweka katika kitabu chake fungu jipya kwa ajili ya watoto ambao ni wakali siku zote bila ya vipindi, ili wasiendelee kuitwa wagonjwa wa bipola. Kwetu sisi dhuluma imekuwa kinyume: wao walikuwa na majina mengi kuliko wagonjwa, sisi tuna wagonjwa wasio na jina lolote ila la kichaa au la mchawi.

Ukishuka kutoka Butembo kwa njia ya kaskazini, kiasi cha kilomita 54, unafika Beni, mji wa joto na wa kakao, na hapo kazi ya kutambua maradhi huzidi ugumu kwa sababu ya msiba usiohusiana na maumbile. Tangu Oktoba 2014 vijiji na mitaa ya Beni imekuwa ikishambuliwa usiku, watu wakiuawa kwa mapanga na mashoka. Mtaa wa Rwangoma ulipata siku yake nyeusi tarehe 13 Agosti 2016, na Oicha na Eringeti zimezika mara nyingi mno. Juu ya hayo, tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa Ebola iliyodhihirika Mangina, ambayo mpaka kumalizika kwake tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287, na Butembo na Katwa zilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia zaidi. Mtoto aliyezaliwa katika miaka hiyo ana kila sababu ya kushtuka mlango unapogongwa, kutolala, kukosa makini darasani, kupigana bila ya kuchokozwa. Ukimhesabia dalili kwa vidole utasema ni TDAH. Ukimwuliza mama yake zilianza lini, atakuambia: baada ya usiku ule. Huyo ana jeraha la moyo, na dawa ya TDAH haitamponya. Ila yuko pia mtoto ambaye alikuwa hatulii tangu alipoanza kutambaa, akapatwa na usiku ule baadaye, na huyo ana mambo mawili. Na wa tatu ana matatu, bipola ikiwemo. Sioni njia ya mkato hapa, na mwenye kuahidi njia ya mkato, awe na koti jeupe au na Biblia mkononi, ni wa kuogopwa.

Kabla ya yote hayo yapo mambo madogo ambayo tabibu mwangalifu huyaondoa kwanza, na mzazi ana haki ya kuyaulizia: masikio yaliyooza kwa usaha hata mtoto hasikii anapoitwa, damu iliyopungua, malaria iliyowahi kupanda kichwani, na kifafa cha kimyamya ambacho humfanya mtoto akatike fikira kwa nukta chache akaonekana kuwa anaota mchana. Na kama mtoto ana kifafa kinachojulikana na anameza fenobabito, dawa rahisi inayopatikana karibu kila kituo cha afya, mzazi ajue kwamba dawa hiyo kwa baadhi ya watoto huleta fujo na kutotulia ambako hufanana kabisa na TDAH. Asiiache ghafla, kwa maana kuiacha ghafla huweza kuleta kifafa kisichokatika. Ila amwambie tabibu, abadilishiwe kwa utaratibu.

Basi mzazi atafanya nini mpaka amfikie mjuzi? Atafute daftari la shule la kurasa mia, alifanye la mtoto huyo peke yake. Kila jioni aandike mistari mitatu: mtoto alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, hali yake ilikuwaje, ya kawaida, ya kupanda au ya kushuka, na jambo moja lililotukia siku hiyo. Ukurasa mmoja waweza kusomeka hivi: “Jumanne. Alilala saa nne, aliamka saa kumi na mbili kwa kusukumwa. Kawaida. Alipoteza kalamu.” Na ukurasa mwingine baada ya mwezi: “Alhamisi. Alilala saa saba, aliamka saa tisa akafagia uwanja gizani akiimba. Amepanda, siku ya tano. Risasi zilisikika upande wa Mavivi juzi.” Mama asiyejua kuandika amwambie dada mkubwa amwandikie, au achore alama tatu tu. Miezi mitatu ya kurasa hizo humpa tabibu kile ambacho hakuna mashine inayokitoa, maana hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha TDAH wala bipola. Yote mawili hutambuliwa kwa hadithi ya siku nyingi, na mwenye hadithi hiyo ni yule anayelala chumba cha pili.

Wajuzi ni akali, lakini si kwamba hawapo. Nchi hii ya Beni haikuanza leo kuwatibu wenye maradhi ya akili: huko Oicha, tabibu wa misheni Carl Becker, aliyefika Kongo mwaka 1929 na kuwatumikia watu kwa miongo kadhaa, alikuwa na wodi yao pembeni ya kijiji cha wakoma, zama ambazo mahali pengi palikuwa hapana ila mnyororo. Siku hizi Butembo na Beni zina kituo cha CEPIMA kinachoshughulikia maradhi ya akili, na vituo vya afya vya kawaida vina wauguzi waliofundishwa kutambua yaliyo wazi. Mjini Goma wako Mabradha wa Upendo na hospitali yao ya Tulizo Letu, ila tangu vita vilipoziba njia ya Kanyabayonga katikati ya mwaka 2024, na Goma yenyewe ikaingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, safari hiyo imekuwa ya wachache. Wenye uwezo huvuka mpaka wa Kasindi, wakapita Kasese mpaka Kampala, ambako hospitali ya Butabika, iliyojengwa mwaka 1955, ina wodi ya watoto. Ni safari ya gharama, na haifai kwenda mikono mitupu, daftari liende.

Kuhusu dawa, mzazi asitegemee upesi. Methilifenideti, ambayo ndiyo hutumiwa mno kwa TDAH katika nchi za kitajiri, iliombewa nafasi katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, na tena mwaka 2021, ikakataliwa mara zote mbili. Na katika maduka ya dawa ya Butembo si kitu cha kukikuta. Akiletewa na ndugu aliye Ulaya, asimpe mtoto kwa kukisia. Madhali bipola inashukiwa, utaratibu wa matabibu ni kuzituliza hisia kwanza, kisha kuangalia kutotulia kulikobaki, kwa kuwa dawa ya kuamsha makini, ikitangulia peke yake, huweza kumpandisha mgonjwa. Lithiamu, ambayo Mwaustralia John Cade alionyesha faida yake mwaka 1949, ni dawa njema na ya bei nafuu, lakini huhitaji damu kupimwa mara kwa mara, maana kipimo kinachoponya kimekaribiana na kinachodhuru. Mahali pasipo na maabara ya kuipima, ni salama zaidi kutoianza.

Vyumba vya maombi sitavipita kimya. Mama aliyekata tamaa huenda anakosikilizwa, na mara nyingi mchungaji ndiye mtu wa kwanza aliyempa saa nzima ya masikilizano. Hilo si dogo, wala sala haimzuii mtu kumeza dawa. Lakini mtoto akifungwa, akinyimwa chakula kwa jina la mfungo, akichapwa ili pepo atoke, au akitangazwa kuwa mchawi, hapo dini imekwisha na uhalifu umeanza: Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 41, imekataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 imeweka kifungo kwa anayefanya hivyo. Mtoto aliyetangazwa hivyo aghalabu huishia sokoni miongoni mwa maibobo, yaani watoto wa mitaani, na kutoka sokoni hadi kwa wenye bunduki msituni si mbali, hasa kwa mvulana ambaye hatari humvutia na ambaye hapana mtu aliyewahi kumsifu kwa jambo lolote.

Nyumbani, kazi iliyo kubwa kuliko zote huonekana ndogo. Amri iwe moja, fupi, ya karibu, macho kwa macho: “Leta ndoo,” si “Leta ndoo, uoshe sahani, na umwambie dada yako aje.” Akiileta, asifiwe palepale, kwa kuwa sifa ya jioni kwake imechelewa. Adhabu iwe nyepesi na ya papo hapo, kama kukosa mchezo kwa muda mfupi; fimbo haimwongezei makini, humwongezea woga na uongo. Kazi ya miguu, kama kupeleka ujumbe, kulisha kuku au kubeba mzigo mdogo, imtangulie kabla ya daftari la shule, na mwalimu aombwe kwa adabu amketishe safu ya mbele mbali na dirisha. Walimu wengi hukubali wakiendewa kwa heshima na baba na mama pamoja. Usingizi ulindwe kwa ukali kuliko kitu chochote, maana usiku wa kukesha, uwe wa matanga au wa mkesha wa kanisa, huweza kumpandisha mwenye bipola. Na familia inayolala porini kwa kukimbia mapanga, ambayo haina hiari juu ya usiku wake, ijaribu angalau kumpa mtoto huyo shuka lake lilelile na mtu mmoja wa kulala ubavuni pake. Akisema kwamba anataka kufa, asiambiwe kwamba anatafuta huruma. Aulizwe waziwazi, kwani kumwuliza hakumtii wazo hilo, na dawa za kuulia wadudu wa kakao zifungiwe kwa kufuli siku hiyohiyo.

Liko neno moja kwa wenye mabinti. Valproeti, ambayo ni miongoni mwa dawa za kutuliza hisia zinazopatikana kwa urahisi zaidi kwetu, kwa kuwa pia ni ya kifafa, huharibu mimba: huweza kumletea mtoto aliye tumboni kasoro za uti wa mgongo na udhaifu wa akili. Binti aliyeanzishiwa dawa hiyo akiwa na miaka kumi na moja atakuwa mwanamwali kabla ya wazazi kuzoea fikira hiyo, na kwa hiyo mama amwulize tabibu siku ya kwanza, kabla ya kupokea karatasi ya dawa, kama ipo nyingine ya kutumia badala yake. Akijibiwa kwamba haipo, aulize tena mwaka unaofuata.